Usiache Mbachao kwa Msala Upitao: Maneno kwa Vijana Wanaongoja Kuingia Chuo Kikuu

(Hii ni hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa ni mtumishi wa Serikali, mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Sita na wajumbe wa mkutano wetu wa mwaka. Tumeichapa kama ilivyosomwa. – Mhariri)



Katibu wetu aliponipigia simu kuniomba nizungumze na vijana, nilidhani nitatakiwa kueleza namna ya kufaulu mtihani. Nikamjibu kwamba hilo walimu wanalijua kuliko mimi. Akaniambia, "La, mtihani watafanya. Wanababaika baada ya mtihani." Hapo nikakubali mara moja, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kubabaika mahali hapo hapo, na kubabaika kwangu kulimgharimu baba yangu ng'ombe wawili.

Nitaanza na hadithi hiyo ya ng'ombe, kisha nitaingia katika mambo yanayowahusu ninyi.

Nilimaliza shuleni hapa mwaka 2001, mchepuo wa Historia, Jiografia na Uchumi. Matokeo yalipotoka nilikuwa na daraja la pili. Siku zile hapakuwa na kuomba chuo kwa simu ya mkononi. Ulijaza fomu kwa kalamu, ukaituma kwa posta, ukangoja barua. Mimi niliomba Uchumi. Barua iliyokuja ilisema nimepewa nafasi ya kusomea Ualimu katika chuo kikuu kimoja cha umma, na kwamba Serikali ingenilipia.

Baba aliisoma barua ile mara mbili. Yeye alikuwa amesoma hadi darasa la nne tu, enzi za mkoloni, lakini kusoma alikuwa anajua, tena polepole na kwa makini. Akasema, "Mwanangu, hapa wameandika Serikali italipa. Unataka nini zaidi?" Nami nikamjibu kwa kiburi cha mtu wa Kidato cha Sita, "Mimi si mtu wa chaki, baba."

Nilikuwa nimesikia kwamba kuna orodha ya pili. Watu walisema wengine hawataripoti, nafasi zao zitakuwa wazi, na waliokosa kozi walizotaka wataingizwa humo. Kwa hiyo sikuandika barua ya kukubali nafasi yangu. Niliingoja orodha ya pili kama mtu anayengoja basi ambalo hakuna aliyemwambia kwamba litapita. Mama aliuza debe tatu za karanga, akanipa nauli, nikaenda hadi Dar es Salaam kusoma majina yaliyobandikwa ubaoni. Nilisoma karatasi zile mara tatu. Jina langu halikuwapo. Nikaingia ofisini kuuliza kama ningeweza kuirudia nafasi yangu ya Ualimu. Karani alinijibu kwa upole kwamba nafasi hiyo amekwisha pewa mwingine, tena amekwisha ripoti.

Wazee wetu wa pwani wana methali isemayo, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka wako mchakavu, na msala ni ule mzuri unaopita mikononi mwa mwenyewe. Mimi niliutupa mkeka wangu nikaukimbilia wa mpita njia. Nilirudi kijijini sina mkeka wowote.

Miezi mitano ya kwanza sikufanya kitu. Niliona aibu kuonekana sokoni mchana, nikawa natoka jioni. Aliyeniuliza "Vipi chuo?" nilimjibu "Bado kidogo," mpaka watu wakaacha kuniuliza. Ndugu zangu, si kungoja kulikoniumiza zaidi, bali kungoja nikiwa nimekaa.

Mwaka 2002 ndipo Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM, ulipoanza. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa, na watoto wakamiminika shuleni. Katika shule ya kijiji chetu darasa la kwanza lilikuwa na watoto 112 na mwalimu mmoja. Mwalimu Mkuu alikuja nyumbani akamwambia baba, "Nipe huyu kijana wako anayejificha." Nikaenda. Nilifundisha kusoma na kuhesabu chini ya mwembe, kwa malipo ya chakula cha mchana na shukrani. Wakati wa mavuno nilifanya kazi ya kuandika uzito wa mahindi kwa mfanyabiashara mmoja, na huko nikajionea kwa macho yangu jinsi mkulima anavyopunjwa kwa gunia la lumbesa. Somo lile la uchumi sikuwahi kulisoma katika kitabu chochote cha Kidato cha Sita.

Mwaka uliofuata niliomba tena. Safari hii niliomba Ualimu mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, kwa kuwa nilikuwa nimewafundisha watoto 112 na nikaona kwamba naweza. Nafasi nikapata. Lakini katika orodha ya waliolipiwa, jina langu halikuwamo. Kitu nilichopewa bure mwaka mmoja, mwaka wa pili baba alikilipia kwa ng'ombe wawili, na hakunisimanga hata siku moja. Mpaka leo nikiona ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe, namkumbuka.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, mtu anaweza kusema kwamba fundisho la hadithi hii ni dogo tu: ukipewa nafasi, ichukue, basi. Mimi sisemi hivyo. Mwaka ule wa kijijini ulinifanya mtu. Bila huo labda ningeingia chuoni na kiburi changu na kutoka nacho. Ninachosema ni kwamba mwaka ule ulinifaa kwa bahati, wala si kwa mpango. Nami sipendi ninyi mtegemee bahati.

Kukaa mwaka mmoja au zaidi kati ya shule na chuo si jambo geni katika nchi yetu, wala si mtindo wa kizungu kama wengine wanavyodhani. Wazee waliomo humu ukumbini wanakumbuka. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na mwaka 1966 ikatungwa sheria ya kuwataka wasomi walitumikie. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga mwezi Oktoba mwaka huo, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani zaidi ya 300. Kisha, mwezi Novemba 1974, likaja Azimio la Musoma. Pamoja na mambo mengine, Azimio hilo liliondoa desturi ya kutoka Kidato cha Sita moja kwa moja hadi Chuo Kikuu. Kijana alitakiwa kwanza akafanye kazi, na maoni ya wale aliofanya nao kazi yalihesabiwa katika kumpokea chuoni. Utaratibu huo baadaye ulilegezwa na mwisho ukaachwa, na ulikuwa na kasoro zake. Lakini wazo lake halikuwa baya: kwamba mtu aliyewahi kufanya kazi huuliza maswali tofauti darasani.

Mwalimu mwenyewe, alipotoka Makerere, alifundisha katika shule ya St. Mary's pale Tabora kuanzia mwaka 1946, na ni mwaka 1949 tu alipokwenda kusoma Edinburgh. Hakuna aliyesema amepoteza miaka mitatu.

Na wazee wetu hawakuwa na haja ya kupima hiki na kile. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwezi Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi wasiofika 15. Kijana wa siku zile alipokea alichopewa. Ninyi leo mna vyuo vikuu vingi, vya umma na vya binafsi, Bara na Visiwani. Wingi huo ni neema, lakini nao una mtihani wake. Aliyezoea sahani moja hupata tabu akiwekewa sahani kumi.

Basi tuzitazame hizo sahani.

Jambo la kwanza ni kuujua utaratibu. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2010, maombi yote yalipitia katika mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu. Tangu mwaka 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, na anaweza kuomba vyuo zaidi ya kimoja. Kazi ya Tume ni kusimamia na kuhakiki. Kila mwaka Tume hutoa kitabu cha mwongozo chenye orodha ya kozi zote zinazotambuliwa, sifa zinazotakiwa kwa kila kozi, na idadi ya nafasi zilizopo. Nawasihi mkisome kitabu hicho kama mnavyosoma kitabu cha mtihani. Nimekutana na vijana waliojua majina ya wachezaji wote wa Simba na Yanga, lakini hawakujua kwamba kozi waliyoiomba inadai Hisabati ambayo hawakuisoma.

Sifa ya chini kabisa inayojulikana ni ufaulu mkuu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi zisizopungua 4, pale ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Lakini hicho ni kizingiti cha mlango wa nje tu. Kila kozi ina mlango wake wa ndani. Na hata kama sifa unazo, ikiwa nafasi ni 50 na walioomba wenye sifa ni 500, chuo kitaanza na walio juu. Hapo hujafeli, mmezidi tu wingi.

Jambo la pili: mtu akichaguliwa na vyuo viwili au vitatu, afanye nini? Utaratibu unamtaka athibitishe chuo kimoja kwa kutumia namba maalumu anayotumiwa, ndani ya siku zilizowekwa. Mshika mbili moja humponyoka, na asiyethibitisha kwa wakati anajiweka katika hatari ya kuponyokwa na zote.

Sikilizeni kisa hiki, ambacho si cha zamani. Mtoto wa ndugu yangu alifanya maombi yake katika duka la vifaa vya ofisi, yale tunayoyaita steshenari. Mwenye duka alikuwa mtu mwema, akamjazia fomu yote. Kwa kuwa kijana hakuwa na simu yake, mwenye duka akaandika namba ya simu yake yeye mwenyewe, akatunga na neno la siri. Majina yalipotoka, kijana akajikuta amechaguliwa na vyuo viwili. Furaha ikajaa nyumbani. Namba ya kuthibitisha ilitumwa kwa mwenye duka, na mwenye duka alikuwa amesafiri msibani. Tulimtafuta siku tatu. Tulimpata jioni ya siku ya mwisho. Siku zile tatu mama wa kijana hakula.

Kwa hiyo nawaomba: iwe namba yako, au ya mzazi wako, au ya mtu ambaye una hakika ya kumpata usiku wa manane. Neno la siri liandike katika daftari lako. Na wale watakaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliosimama mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, wakumbuke kwamba huenda matokeo yakatoka wakiwa kambini. Kabla ya kuondoka, keti na mzazi au kaka yako, mwachie vyeti, namba na maelekezo, mkubaliane ni kozi zipi na kwa mfuatano gani.

Jambo la tatu ni namna ya kupima. Mimi ninapoulizwa na vijana ofisini kwangu, huwaambia wachukue karatasi na waandike majibu ya maswali manne kwa kila chuo walichochaguliwa.

Swali la kwanza: nitasoma nini, si nitasoma wapi. Kozi utakuwa nayo miaka 30 ya kazi. Chuo utakuwa nacho miaka mitatu au minne. Jina kubwa la chuo halitakufundishia kozi usiyoipenda wala usiyoiweza.

Swali la pili: nani atalipa, tena si ada peke yake. Andika ada, chakula, malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo, na nauli ya kwenda na kurudi. Chuo kilicho kilomita 900 kutoka kwenu kina gharama isiyoandikwa katika barua ya kukaribishwa.

Swali la tatu: je, chuo na kozi hii vinatambuliwa? Hili lihusu hasa wale wanaoahidiwa nafasi za nje ya nchi na mawakala. Usimpe mtu fedha ya mzazi wako kabla ya kuuliza Tume. Shahada isiyotambuliwa ni karatasi ya gharama kubwa.

Swali la nne: nikimaliza, nitaweza kufanya kazi gani hata kama Serikali haitaniajiri? Mimi ni mtumishi wa Serikali, na nawaambia bila kuficha kwamba viti ni vichache kuliko wanaosimama.

Nirudi kwenye fedha, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Kupata nafasi ya chuo na kupata mkopo ni milango miwili. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, ina maombi yake, siku zake na nyaraka zake. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe, na kwa sisi wa Bara kazi hiyo ni ya RITA. Yatima anahitaji cheti cha kifo cha mzazi. Usingoje matokeo ndipo uanze kutafuta cheti cha marehemu baba yako ambacho kila ndugu anadhani kiko kwa mwenzake. Kianze kutafutwa likizo hii.

Tena, mkopo ni deni. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yaliweka makato ya asilimia 15 ya mshahara. Maana yake, mwenye mshahara wa shilingi 800,000 anakatwa shilingi 120,000 kila mwezi kabla hajanunua hata chumvi. Siwatishi. Bila mikopo, wengi wa vijana wa vijijini kwetu wasingekiona chuo. Nataka tu mfahamu kwamba anayekopa kwa ajili ya kozi asiyoitaka, kisha akaiacha mwaka wa pili, deni haliiachi kozi pamoja naye.

Jambo la nne ni kungoja. Nchini kwetu hatuna orodha ya kungoja kama ile inayosemwa katika vyuo vya Marekani, ambako mtu huandikiwa kwamba yuko nje ya mlango na huenda akaitwa. Sisi tuna awamu. Awamu ya kwanza ikimalizika, waliochaguliwa na vyuo vingi wakathibitisha kimoja, nafasi walizoziacha hurudi, na awamu inayofuata hufunguliwa. Kwa hiyo aliyekosa awamu ya kwanza asilie. Mlango bado una upenyo. Lakini afahamu mambo mawili. Kwanza, katika awamu ya pili kozi zinazogombaniwa huwa zimekwisha jaa, kwa hiyo si busara kurudia kuomba kozi ile ile katika chuo kile kile na kutumaini muujiza. Pili, aliyekwisha pata nafasi inayomfaa asiiachie ili akajaribu bahati. Hilo ndilo kosa langu la mwaka 2001, na nimekwisha waambia bei yake.

Mtaniuliza, je, ni lini inafaa kukataa nafasi? Nadhani inafaa pale kozi uliyopewa huna uwezo nayo wala moyo nayo kabisa, na una njia nyingine unayoweza kuitaja kwa jina na kwa tarehe. "Nitasoma stashahada ya uuguzi kuanzia mwezi fulani, chuo fulani" ni njia. "Nitarudia mtihani kama mtahiniwa binafsi, nimekwisha pata mwalimu wa Kemia" ni njia. "Nitaona mbele ya safari" si njia. Na msiidharau stashahada. Anayeimaliza vizuri anaweza kuomba shahada, na huingia darasani akiwa na mikono inayojua kazi.

Jambo la tano ni mwaka wenyewe wa katikati. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga; na wahenga hao hao wakasema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakujipinga. Walijua kwamba kila neno lina mahali pake. Mwaka wa kukaa nyumbani utakuwa na baraka ukiwa na mambo matatu.

Uwe na kazi, hata kama haina mshahara: kufundisha, kusaidia zahanati, kujifunza ufundi VETA, kulima ekari yako mwenyewe na kuandika hesabu zake. Uwe na mwisho, yaani tarehe ya kuomba tena iliyoandikwa ukutani. Miongozo ya mikopo ya miaka ya karibuni imekuwa ikimtaka mwombaji awe amemaliza Kidato cha Sita au stashahada katika miaka mitano iliyopita. Kwa hiyo mwaka mmoja unavumilika, lakini miaka hujifunga kamba yenyewe kwa yenyewe bila kuaga. Na uwe na shahidi: mtu mzima mmoja, si rafiki wa kijiweni, ambaye kila mwezi atakuuliza umefika wapi, na wewe utaona haya kumdanganya. Kwangu mimi shahidi huyo alikuwa yule Mwalimu Mkuu wa kijijini. Bila yeye ningekuwa ninatoka jioni mpaka leo.

Na kama tayari umepata nafasi lakini ugonjwa, msiba au ukosefu wa fedha unakuzuia kwenda mwaka huu, usinyamaze. Andika barua kwa chuo mapema uulize kama unaweza kuahirisha, uambatanishe ushahidi, ubaki na nakala. Ofisi za umma tunalaumiwa kwa mambo mengi, na mengine ni kweli. Lakini niamini mimi niliyekaa upande wa pili wa meza: barua iliyoandikwa mapema hujibiwa, na ukimya hauna jalada.

Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa nimekusudia kumalizia hapo. Lakini kuna mtu mmoja sina budi kumtaja, ingawa si kwa jina, na nimepata idhini yake.

Wale wa mwaka wangu mnamkumbuka mwenzangu wa dawati moja, aliyekuwa wa kwanza katika Biolojia. Mwaka ule ule wa 2001 yeye alipewa nafasi ya kusomea Kilimo. Alitaka Udaktari. Tulizikataa nafasi zetu pamoja, tukicheka, tukaenda Dar es Salaam pamoja na kusoma ubao ule pamoja. Mimi nilirudi kwetu, ambako Mwalimu Mkuu alinifuata nyumbani. Yeye alirudi kwao, na hakuna aliyemfuata. Mwaka wa pili baba yake alifariki, na yeye ndiye mkubwa wa watoto sita. Hakuomba tena. Leo ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika, mtu anayeheshimiwa, na wakulima wa huko wanasema tangu ashike daftari hakuna kilo ya kahawa iliyopotea. Wadogo zake wote watano amewasomesha.

Nilimpigia simu wiki iliyopita nikamwambia, njoo tukutane. Akakataa. Nikamuuliza sababu. Akasema, "Nilikuja mara moja. Watu saba walinisalimu, na wote saba waliniuliza nilimalizia chuo gani. Sikurudi tena."

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, watu saba hao ni sisi. Mimi ni mmoja wao, maana siku ile nilisimama pembeni nikasikia, nisiseme neno. Tunawaambia vijana kwamba chuo si mwisho wa maisha, kisha tunapimana kwa chuo mlangoni. Kijana akiona hivyo atafanya moja kati ya mawili: atakimbilia kozi yoyote ili apate jibu la swali hilo, au atajificha mpaka jioni kama nilivyojificha mimi.

Kwa hiyo ninayo maombi mawili. La kwanza, kila mmoja wetu aliyefika leo achukue kijana mmoja wa Kidato cha Sita, aandike namba yake ya simu, na tangu matokeo yatakapotoka hadi vyuo vitakapofunguliwa amuulize kila wiki amefika wapi. Haihitaji fedha. Daftari la majina nimeliweka juu ya meza ya Katibu. Mimi nimekwisha andika langu. La pili, tukikutana mwakani, tuulizane habari za kazi, za nyumbani na za afya, kisha tunyamaze. Huenda mwenzangu akaja.

Nanyi vijana, nilipomuuliza mwenzangu niwaambie nini, alifikiri kidogo kwenye simu, akasema: "Waambie wasingoje wakiwa wamekaa. Na waambie kama hakuna atakayewafuata nyumbani, wao wenyewe wainuke wakamtafute mtu."

Hayo ndiyo maneno yake. Mimi sina la kuongeza.